Sanamu Haipandi Gari la Nguruwe

Halder, Kaunti ya Wexler, Nebraska
5 Juni 1979

Kwa Bi. R. Vopat,
Katibu wa Barua, Chama cha Historia cha Kaunti ya Prewitt, Lhota

Shikamoo, Bi. Vopat.

Kuna jambo ambalo sijapata kumwambia mtu yeyote. Ninakuambia wewe kwa sababu hatujuani, na kwa sababu jina lako limeandikwa chini ya kikaratasi cha makumbusho yenu kama mtu wa kuandikiwa. Jumapili iliyopita nilizungumza na sanamu yenu ya kuvalisha nguo. Sikuisalimia tu kwa mzaha. Nilizungumza nayo kwa muda mrefu, tukiwa peke yetu, katika kile chumba cha kulala ambacho zamani, jela yenu ilipokuwa bado jela, kilikuwa seli ya wanawake.

Naomba nijieleze. Likizo ikifika, wenzangu wa shuleni hucheza besiboli. Mimi huazima gari la mjomba wangu Virgil na kuzunguka makumbusho ya kaunti. Nimeshaona mengi. Yote yana kinanda cha kukanyaga, yote yana shada lililosukwa kwa nywele za marehemu, na yote yana ndama wa vichwa viwili ambaye kila kaunti inaapa kwamba hana mwenzake duniani. Nayapenda yote. Hapa kwetu makumbusho yamo katika kituo cha zamani cha reli, nami ndiye kijana pekee katika chama. Waliobaki wana meno ya bandia. Mwezi ujao nitaongoza wageni kwa mara ya kwanza, na mimi nikisimama mbele ya watu ulimi hunata kama umepakwa gundi. Basi nikitembelea makumbusho ya watu, nikakuta chumba hakina mtu, hufanya mazoezi mbele ya sanamu. Ya kwenu ndiyo ya kwanza iliyonifanya nisahau kwamba ni mazoezi.

Fundi wake ni nani? Mliinunua wapi? Ina madoadoa puani. Ni nani mwenye subira ya kuipaka sanamu madoadoa? Ilikuwa imeshika nguzo ya kitanda na kutazama dirishani, kama mtu aliyesahau kilichomleta chumbani.

Siulizi kwa udadisi tu. Bi. Hulda Dierks, ambaye anakaribia miaka tisini, ametupa nguo yake ya arusi. Ni ya hariri nyeusi, kama walivyovaa Wajerumani wa huku zamani. Imelazwa mezani, na kila mtoto wa shule anayepita huuliza ni nani aliyekufa. Bi. Hulda ana sharti moja tu: isimame. Tunayo sanamu moja, tuliyoipata duka la nguo la hapa lilipofungwa, lakini ni ndefu kama mlingoti, ina mabega ya mwogeleaji, na mkono mmoja umenyooshwa kama inasimamisha lori. Bi. Hulda alikuwa msichana mdogo mno. Nguo haipiti hata kifuani.

Unaijua desturi yetu. Familia ikitoa kitu, ukoo ukikutana huja kukikagua, kama mtu anayekwenda kumtazama ng'ombe aliyemkopesha jirani. Wasipokiona mahali pake hukichukua na kukipeleka kaunti ya pili. Akina Dierks wanakutana Jumapili ya mwisho ya Julai. Bi. Hulda aliniuliza kama nguo itakuwa imesimama, nami nikamwambia itasimama. Nilimwahidi kwa mdomo wangu mwenyewe, huu wa gundi.

Tafadhali nisaidie.

Wako mtiifu,
Loren Tietjen


Lhota, Kaunti ya Prewitt
9 Juni 1979

Mpendwa Loren,

Marahaba, mwanangu.

Barua yako imepokelewa na kusomwa na Katibu peke yake. Sanamu uliyoiona haikununuliwa dukani. Imetoka katika familia ya hapahapa Lhota, na familia hiyo ilifanikiwa kupata moja tu ya namna hiyo. Nyingine zote zilikuwa za kiume. Madoadoa hayakupakwa na fundi. Yalitokea yenyewe kwa sababu ya jua.

Ninasikitika kwamba sijui mahali unapoweza kupata nyingine. Nakushauri ushone kiwiliwili cha magunia ya unga, ukijaze pamba au soksi kuukuu, kisha ukikaze kiunoni kwa mkanda.

Kuhusu ulimi kunata, wapo wengine wenye tatizo hilo. Ninamfahamu mmoja vizuri. Ziara yako itapendeza, mradi usikiache kile kisa cha nyuki na mpiga telegrafu. Hicho ndicho kizuri kuliko vyote.

Wako,
R. Vopat, Katibu wa Barua


Lhota, siku hiyohiyo
(Haikutumwa)

Loren,

Nimetoka posta sasa hivi na tayari naona haya. Nilijitahidi kila sentensi iwe ya kweli, na zote ni za kweli isipokuwa ile ya kwanza. Sina haki ya kukuitikia marahaba. Nina miaka kumi na sita. Ukatibu nilipewa kwa sababu napiga taipu vizuri, na niliukubali kwa sababu barua haimtazami mtu usoni.

Sanamu ni mimi.

Siku ile tulikuwa na maonyesho yetu ya kila mwaka ya nguo za kale. Wasichana wa shule huvaa nguo za mabibi zao, hutembea uani katikati ya meza za kahawa, na kila mmoja husema maneno mawili matatu juu ya mwenye nguo. Mwenyekiti wetu, Bi. Sandahl, alinivalisha nguo ya mke wa sherifu wa kwanza. Nilikuwa nimekariri yote. Zamu yangu ilipokaribia miguu ikakataa. Nikaingia katika ile seli na kushika nguzo ya kitanda, nikitaka moyo utulie tu. Mara ukaingia wewe. Nikaganda. Ukavua kofia, ukaniambia, "Samahani, dada, nina wageni mwezi ujao," ukaanza.

Ningesema nini? Kadiri ulivyoendelea ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kuwa mtu. Ulinipitisha kwenye dirisha la tiketi, kwenye mizani, kwenye benchi la wanawake. Ulipofika pale mzinga ulipoanguka kutoka kwenye behewa, na yule mpiga telegrafu akajifunika koti akiwa bado anagonga ujumbe wa bei ya mahindi, nilijiuma shavu kwa ndani. Na nilitaka sana kukuambia jambo moja: hukukwama hata kidogo. Ulimi wako hauna gundi yoyote.

Bi. Sandahl alidhani nimekimbilia nyumbani. Hakunikaripia. Alinipigapiga begani akasema, "Mwakani, mwanangu." Ingekuwa afadhali angenikaripia.

Barua hii naiweka ndani ya kamusi.

R.


Halder
18 Juni 1979

Shikamoo tena, Bi. Vopat.

Nimefuata ushauri wako. Nilishona magunia mawili na kuyajaza soksi zote za mjomba Virgil. Nilipomaliza nikamwita mwenyekiti wetu, Bwana Orval Gade, aje atoe maoni. Alizunguka mara moja, akavuta kiko, akasema anaona kinyago cha kutishia ndege shambani kilichopata mchumba. Kisha soksi zikashuka zote chini, na bibi arusi akawa na tumbo. Nimezirudisha soksi.

Jana Bi. Hulda alikuja. Nilimletea kiti. Alikaa kando ya meza akaishika nguo mkono mmoja, kama unavyomshika mtu mkono hospitalini. Nikamuuliza kwa nini anataka isimame. Akasema: "Niliivaa siku moja, nikaitia sandukuni miaka sabini. Sasa sandukuni naingia mimi, kijana. Yenyewe isimame."

Baada ya hapo siwezi kuilaza tena.

Kwa hiyo naomba kuiazima sanamu yenu kwa siku moja tu. Nilimwomba ruhusa Bwana Orval. Hajasema na watu wa Prewitt tangu mlipoandika gazetini kwamba ndama wetu ameshonwa kichwa cha pili. Lakini anampenda Bi. Hulda kuliko anavyompenda ndama, kwa hiyo amekubali. Mjomba Virgil atatupa gari lake la kubebea nguruwe. Nitaliosha mwenyewe kwa sabuni. Tutailaza sanamu juu ya majani makavu, tuifunike mablanketi, tuifunge kamba miguuni na shingoni isigongwegongwe njiani.

Wako mtiifu,
Loren Tietjen

Tena: umekijuaje kisa cha nyuki? Sikumbuki kukuandikia. Pengine nilikuandikia.


Lhota
23 Juni 1979

Mpendwa Loren,

Sanamu haipandi gari la nguruwe, hata likioshwa. Haiwezi kulazwa wala kufungwa kamba shingoni. Kwa kweli haiwezi kuazimwa kabisa, na siwezi kueleza sababu. Nisamehe.

Maneno ya Bi. Hulda nimeyasoma mara nyingi.

Kuhusu nyuki, visa husafiri.

R. Vopat


Lhota
2 Julai 1979

Kwa Kijana Tietjen,

Nimepokea barua yako ya malalamiko kwamba Katibu wetu amekunyima sanamu. Mwanangu, hatuna sanamu. Hatujawahi kuwa nayo. Tungekuwa nayo ningejua, maana mimi ndiye ninayefuta vumbi.

Nadhani umechanganya. Wewe unasema unazunguka makumbusho mengi, na yote yana kitanda, kinanda na ndama, kwa hiyo si ajabu. Jaribu kuwauliza wa kaunti ya kaskazini. Wale ndio wanaopenda mapambo.

Vilevile naona unamwita Katibu wetu kwa heshima kama mtu mzima. Renae Vopat ni msichana wa shule, mtoto mzuri sana, mwoga kama sungura. Sijui ni kwa nini hakukuambia tu kwamba hatuna.

Msalimie Orval. Mwambie ule uzi kwenye shingo ya ndama unaonekana hata ukiwa barabarani.

Leota Sandahl, Mwenyekiti


Halder
5 Julai 1979

Renae,

Sitaandika "Bi." tena. Umeziitikia shikamoo zangu, ukaniita mwanangu, na umri wetu ni mmoja. Niliwasomea watu hapa ushauri wako wa magunia kama maneno ya mzee mwenye busara. Nilimpokonya mjomba wangu soksi zake kwa ajili ya busara hiyo.

Hilo ningeweza kulicheka. Ninaloshindwa kulicheka ni hili: mwenyekiti wako anasema hamna sanamu, na mimi niliiona kwa macho yangu. Bwana Orval anasema jibu liko wazi. Mmeificha. Mnangoja Jumapili ile ipite, akina Dierks wakasirike, waichukue nguo kwetu na kuwaletea ninyi, nanyi mtaisimamisha kwenye sanamu yenu nzuri na kuandika gazetini. Nilimwambia kwamba Katibu wa Prewitt hawezi kufanya hivyo, barua zake ni za mtu mwenye huruma. Alicheka hadi kiko kikazimika.

Zimebaki wiki tatu. Bi. Hulda ameshaniuliza tena nikamwambia tena itasimama. Kama mnayo, semeni mnayo. Kama mnaitaka nguo, iombeni wazi, lakini msinipitishe mimi kwenye uongo wenu.

Loren Tietjen


Lhota
9 Julai 1979

Loren,

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya zamani kidogo. Ilikuwa ndani ya kamusi. Soma hiyo kwanza, ukimaliza urudi hapa.

Umerudi?

Nimemwambia Bi. Sandahl kila kitu. Ilibidi nimwambie kwa kumsomea, nikiwa nimempa mgongo. Alicheka hadi akakaa juu ya sanduku la mabango ya uchaguzi, likapasuka. Kisha akaanza kufikiri. Anasema wewe ndiye mgeni wa kwanza kukaa katika ile seli zaidi ya dakika moja.

Hatuitaki nguo. Au tuseme Bi. Sandahl anaitaka, kama anavyotaka kila kitu, lakini hataiba.

Sasa sikiliza. Mimi ni mdogo kwa umbo. Nguo za dada wa mtu yeyote hunipwaya. Jumapili ile kaka yangu Milo atanileta. Nitaivaa nguo ya Bi. Hulda, nitasimama mahali utakaponionyesha, na itakuwa imesimama. Kusimama najua. Ila usimwambie mtu. Wakijua nina masikio watataka niseme, na nikitakiwa kusema mbele ya ukoo mzima nitakimbia, safari hii na hariri ya watu mwilini.

Naomba radhi kwa ile marahaba. Niliipenda kuliko inavyostahili.

Renae


Halder
13 Julai 1979

Renae,

Niliposoma barua ya kamusi nilikwenda kujifungia katika behewa la mizigo. Nimekuwa nikikumbuka kila nilichokuambia siku ile. Nilikuambia habari za mizani. Nilikuonyesha jinsi ya kupiga muhuri tiketi, kwa kutumia goti langu. Mwishoni, kama ulisikia, nilikuambia una macho mazuri kwa sanamu ya kaunti ndogo. Hujalitaja hilo. Ahsante kwa kutolitaja.

Nilipotoka nilikuwa nacheka. Bwana Orval aliniuliza nimeona nini, nikamwambia tumepata sanamu. Akauliza ni ya plasta au ya mbao. Nikamwambia ni ya kienyeji.

Njoo. Ila sharti langu ni hili: sitamtangazia mtu, lakini Bi. Hulda akiniuliza sitamdanganya. Yeye mwenyewe tu. Waliobaki na waulize kinanda.

Na kweli unadhani sikukwama?

Loren


Halder
31 Julai 1979

Renae,

Bwana Orval ananitaka niandike taarifa ya Jumapili kwa ajili ya kumbukumbu za chama, na mimi nusu yake sikuiona. Unajua jinsi ilivyokuwa. Niliwaweka wanawake chumba cha nguo pamoja na Bi. Hulda, nikawatoa wanaume na watoto kwenda kuona behewa, na huko nikasema kisa cha nyuki, wakacheka, mzee mmoja akaomba nikirudie kwa ajili ya mkewe. Nikakirudia. Nadhani ningekuwa bado nasema mpaka leo, lakini nilisikia kelele upande wa jukwaa la abiria. Nikatoka mbio nikijua nguo imechanika au umezimia.

Na wewe ulikuwa unatembea. Watu wamekaa kwenye mabenchi ya kusubiria treni, sahani za saladi ya viazi mapajani, na wewe unatembea katikati yao na taji la maua ya nta kichwani. Unasema. Kwa sauti.

Nimemuuliza Bi. Hulda kilichotokea mle ndani. Amesema ni mambo ya mabibi arusi na mimi sihusiki. Basi niambie wewe. Andika tu ulichofanya, kwa mpango wake, nitanakili.

Loren


Lhota
5 Agosti 1979

Mpendwa Loren,

Hii ndiyo taarifa. Bwana Orval anaweza kuipunguza.

Ulipowatoa wanaume walibaki wanawake wengi kidogo, mabinti wa Bi. Hulda na wakwe zake na mabinti wa mabinti. Walisimama mlangoni. Mmoja akasema sanamu imetengenezwa vizuri mno, mwingine akasema vidole vinatisha. Bi. Hulda alikuja na fimbo yake hadi mbele yangu akatazama nguo kuanzia chini: pindo, kiuno, vifungo. Nilimwona kwa pembe ya jicho. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayehesabu watoto wake na kukuta wote wapo.

Kisha akaona kwamba bruchi, ile pini ya pambo kolani, imekaa upande. Hilo ni kosa langu, nilijifunga mwenyewe. Akainua mkono kuinyoosha, vidole vyake vikagusa shingo yangu. Vilikuwa baridi. Shingo yangu ilikuwa na jasho.

Hakupiga kelele. Alimaliza kuinyoosha bruchi. Bila kugeuka akawaambia wanawe waende wakanywe kahawa kabla akina Dierks wa Kansas hawajaimaliza. Walipotoka akasema, "Wewe ni wa nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa swali hilo. Nikamwambia mimi ni wa Vopat, wa Lhota. Nikamwomba radhi. Nikamwambia kwamba wewe uliahidi itasimama na hakukuwa na njia nyingine, na kwamba hukutaka kumdanganya. Nilisema mengi, Loren, yote kwa mkupuo mmoja. Yeye akakaa kwenye kile kiti chako.

Akaniuliza, "Unaweza kukaa?"

Nikamwambia kwamba nguo imebana.

"Ilinibana na mimi," akasema. "Ilitakiwa niivae kila Jumapili hadi ichakae, ndiyo maana ilikuwa nyeusi. Nikashika mimba mwezi wa kwanza. Kiuno kikaenda zake, hakikurudi." Akacheka peke yake. Kisha akaniambia kwamba siku ile ya arusi alisimama kanisani kama mti kwa sababu ya haya, na alisimama vivyo hivyo kwenye picha, na kwenye sherehe wakati wenzake wanacheza polka alisimama ukutani na sahani. Siku moja ya kuivaa, na siku yote aliimaliza amesimama.

Nikamuuliza, basi kwa nini alitaka isimame.

Akafikiri. Akasema, "Sikujua kwamba inaweza kufanya kitu kingine."

Sikuamua, kama Bwana Orval atataka kujua ni nani aliyeamua. Nilimpa mkono ainuke, akaushika, na tulipokwisha kuinuka tulikuwa tunaelekea mlangoni. Mlango ukafunguka na wote walikuwa pale nje. Mkwe mmoja akamwagia viatu vyake kahawa. Mtoto akasema, "Ile sanamu imetoka na bibi." Hizo ndizo kelele ulizosikia.

Miguu ikataka kukataa. Bi. Hulda ni mzito kuliko anavyoonekana, alikuwa ameniegemea, na nisingeweza kukimbia bila kumwangusha. Kwa hiyo nilitembea. Nikasema: nguo hii ni ya Hulda Dierks. Ni ya arusi, si ya msiba. Ni nyeusi kwa sababu kwao bibi arusi hakununuliwa nguo ya siku moja. Nikasema mikunjo ya kifuani alishona mwenyewe, maana aliniambia palepale sikioni, na taji la nta lilitoka kwa mama yake. Nikasema aliivaa mara moja tu. Hapo mtu wa nyuma akauliza ni kwa nini, nikakwama, na Bi. Hulda akawajibu mwenyewe kwa sauti ya kuitia ng'ombe, na mwanawe mkubwa, yule mwenye upara, akawa mwekundu hadi kichwani kwa sababu mimba yenyewe alikuwa yeye.

Baada ya hapo ulifika wewe na ulimwona mwenye upara akitafuta kodiani yake ya kupigia muziki kwenye gari, na polka uliiona, na Bi. Hulda ulimwona akiicheza kwa mabega akiwa amekaa. Sehemu hiyo andika wewe.

Ambacho hukukiona ni kilichofanyika jikoni mkiwa mnakunja meza. Mabinti zake walisema nguo haiwezi kurudi mezani na mimi siwezi kuishi Halder. Wote wamo katika chama cha akina mama wa mashambani na wanajua kazi. Nilivua nguo nikavaa fulana kuukuu. Walileta karatasi ya kahawia yenye gundi, ile ya kufungia vifurushi, wakailowesha vipande vipande na kunizungushia, kifuani, kiunoni, mabegani, tabaka juu ya tabaka, huku wakibishana kuhusu chumvi ya achari. Bi. Hulda alisimamia kwa fimbo. Nilikaa ndani yake hadi ikakauka na kuwa ngumu kama gome. Kisha mmoja akachukua mkasi akaikata mgongoni toka juu hadi chini, wakaitanua, nami nikatoka. Waliifunga tena kwa gundi, wakaitia kijiti cha fagio, wakaivalisha. Ndiyo uliyoikuta Jumatatu. Itafutwe vumbi kwa brashi laini, si kwa kitambaa.

Niliosha mikono, nikala kolache, andazi la Kicheki la plamu, nikaingia kwenye gari la Milo.

Jumatatu nilikwenda kwa Bi. Sandahl nikamwomba anipe ziara za Jumamosi. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia sina. Akanipa funguo. Jana asubuhi nilifungua madirisha, nikafagia ngazi, nikakaa kwenye kiti cha mlinzi wa jela. Ilikuja familia moja iliyopotea njia ya kwenda ziwani. Baba alitaka kuuliza njia tu. Nikamwonyesha njia kwenye ramani, kisha nikawaambia kwamba kabla hawajaenda, kuna kitu wangependa kukiona. Nikasimama, nikawashikia mlango, nikaanza kusema.

Renae Vopat